Liemba na mashine mpya

Wadau, juzi nilikuwa nyumbani Ujiji. Baada ya shikamoo nikamsomea babu habari niliyoiandika kuhusu Liemba: meli iliyoundwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha ziwani 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Babu akacheka. "Mbona mashine hujaitaja?"

Yeye alikuwa akichochea moto wa boila humo. Miaka ya 1970 mashine ya mvuke ikatolewa, ikafungwa ya dizeli. Moto ukazimwa, na kazi yake ikaishia hapo.

"Hukuumia, babu?"

"Niliumia sana. Lakini mjukuu wangu, wangeiacha ile ya mvuke, leo ungekuwa unaandika habari za chuma chakavu."

Nikaichana karatasi. Naanza upya, na mashine.