Taa Nyeupe Zilizokataa Kuwaka

Katika ufundishaji wa sayansi, zana inayotembea huwavuta wanafunzi kuliko picha ubaoni. Kwa sababu hiyo, katika somo la umeme chuoni kwetu, tuliwapa wanachuo kazi ya kulifungia taa gari dogo la kuchezea linaloongozwa kwa rimoti: mbili nyeupe mbele na mbili nyekundu nyuma, zote za aina ya LED. Gari lenyewe lilitumia betri 4 za volti 1.5, yaani jumla ya volti 6.

Tulikwisha kuwaeleza kwamba LED ni diodi, wala si balbu. Ikiungwa moja kwa moja na betri hizo huungua, hivyo sharti iwepo rezista ya kupunguza mkondo. Wanachuo wakafunga rezista moja, kisha taa zote 4 sambamba. Swichi ilipowashwa, nyekundu ziling'aa, nyeupe zikabaki giza.

Hapo tulitenda kosa ambalo ndilo sababu ya makala haya. Bila ya kupima chochote, tulitamka kwamba taa nyeupe ni mbovu, zitupwe. Mwanachuo aliyezinunua kwa fedha zake hakubishana nasi. Alizichomoa, akaziunga peke yake kwa rezista ile ile, nazo zikawaka. Kisha akauliza kwa adabu: "Samahani Mkufunzi, mbovu imeponaje?"

Darasa lilinyamaza. Chaki tulikuwa nayo mkononi, jibu hatukuwa nalo. Ilitubidi tuseme: "Hatujui. Tupime."

Taa zote 4 zilirudishwa, na mita ikaonyesha karibu volti 2 tu kwenye ncha zake. Hapo jambo likafunuka. Diodi nyekundu hupitisha mkondo wa kutosha ifikapo karibu volti 2, na ikishaanza haiachi volti kupanda sana. Taa nyeupe kwa kawaida ni diodi ya buluu iliyofunikwa fosfori. Na kwa kuwa mwanga wa buluu una nishati kubwa kuliko mwekundu, taa hiyo huhitaji karibu volti 3. Vitu vilivyofungwa sambamba hupata volti zilizo sawa. Basi nyekundu zilikuwa zimewafungia wenzao mlango.

Dawa yake ni kuipa kila taa rezista yake. Kwa mkondo wa ampia 0.02, nyekundu hubakiza volti 4 za kuzuiwa: 4 gawanya kwa 0.02 ni omu 200. Nyeupe hubakiza volti 3, yaani omu 150. Wanachuo walikokotoa wenyewe, wakafunga upya, na gari likazunguka darasa zima likiwa na taa zake zote.

Tangu siku hiyo hatulifichi kosa lile. Huwaachia wanachuo wafunge rezista moja, wabashiri kitakachotokea, wapime, ndipo waeleze. Maana mwanachuo wa leo ndiye mwalimu wa kesho. Kama angalizitupa taa zake kwa neno letu, angalikwenda shuleni kuwafundisha watoto kutupa kila wasichokielewa. Kuuliza si ujinga, husema wahenga. Nasi tungependa kuongeza kwamba kukiri kutojua mbele ya darasa si kushindwa, ilimradi mita iwe karibu.