Fimbo Moja Zaidi Kwenye Begi Langu

Mimi na mume wangu tuna utaratibu wetu: matumizi yoyote makubwa kidogo lazima tuyajadili kwanza. Umetuokoa na mengi. Lakini siku nilipomwambia nataka fimbo nyingine ya gofu, aliangalia begi langu kule kwenye kona, akacheka. "Fimbo zote zile, mke wangu, bado hazitoshi?"

Kusema kweli, swali lilikuwa la haki. Kwa asiyecheza, fimbo ni fimbo tu. Ila si mnajua nyumba zetu: mwanaume akibadilisha rimu za gari ni mahitaji, mwanamke akinunua kifaa cha mchezo wake ni anasa. Sikutaka tufike huko, nikaamua kumpa hesabu.

Ipo hivi. Fimbo fupi za kupandisha mpira ukiwa karibu na shimo zinaitwa weji. Mimi nilikuwa na mbili: pichingi weji ambayo uso wake umelala kwa nyuzi 45, na sandi weji ya nyuzi 56. Uso ukilala zaidi, mpira unapanda juu zaidi na hauendi mbali. Zamani pichingi weji nyingi zilikaribia nyuzi 50. Baadaye watengenezaji wakapunguza nyuzi za fimbo za chuma ili mpira uende mbali, huku sandi weji ikibaki pale pale. Katikati pakawa na pengo, na fimbo ya kuliziba ndiyo gepu weji, ambayo mara nyingi huwa na nyuzi 50 hadi 52.

Somo lote hilo halikumgusa! Basi Jumamosi nikaenda naye Lugalo kwenye mazoezi. Nikapiga mipira 10 kwa kila weji, kwa nguvu zangu za kawaida, naye akapima kwa hatua na kuandika. Pichingi ilifika yadi 85 hivi, sandi 60.

"Na ukibakiza yadi 72?" akauliza.

"Hapo ndipo ninapoteseka. Pichingi niibanie, sandi niikamie, na zote zinanitoa nje."

Akalitazama daftari. "Kumbe!"

Lakini mume wangu haachi kitu nusu. Alishasikia kwamba kanuni za gofu haziruhusu zaidi ya fimbo 14 kwenye raundi moja, na zangu zilishatimia. "Sasa ipi inabaki nyumbani?" Nilishajiandaa: chuma namba 4, ambayo kwa miezi sita ilikuwa inasindikiza wenzake tu. Wiki hiyo hiyo tukanunua gepu weji ya nyuzi 50 iliyotumika. Inanipa yadi 73, na mume wangu ameacha kuuliza Jumamosi zangu zinagharimu nini.

Hela haikuwa nyingi kiasi hicho. Nilichokuwa nakitetea ni saa zangu nne za wiki, ambazo sitaki kuziombea radhi kwa mtu ninayempenda.

Kama na wewe una pengo kwenye begi, angalia kwanza nyuzi za weji zako, kisha chagua iliyo katikati. Amua mapema fimbo ya kutoa. Halafu mchukue mwenzi wako uwanjani, umpe daftari na kalamu, na umwache ahesabu mwenyewe.