Busta ya Breki

Land Rover yetu ni ya mwaka 1974. Breki zake zilikuwa nzito, na dereva wetu alichoka mguu. Tukaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Mchikichini, Dar es Salaam, aifunge busta.

Busta ni kopo la chuma lenye kiwambo cha mpira ndani. Injini ya petroli inapovuta hewa, huivuta pia hewa iliyomo koponi. Dereva akikanyaga pedali, hewa ya nje huingia upande mmoja na kukisukuma kiwambo. Nguvu hiyo huongezeka kwenye mafuta ya breki. (Injini ya dizeli huhitaji pampu ya kuvuta hewa.)

Fundi hakuanza na busta. Alifungua magurudumu yote manne, akabadili lainingi zilizokwisha. "Mwalimu," aliniambia, "busta husaidia mguu. Haiponyi breki mbovu."

Alipokwisha kuifunga, alitoa hewa katika mabomba ya breki, gurudumu moja moja. Kisha akapima. Injini ikiwa imezimwa, alikanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu. Akaishikilia hivyo, akawasha injini. Pedali ikashuka kidogo. Busta inafanya kazi!

Dereva akauliza kama ataweza kuzima injini mteremkoni ili kubana petroli, kama alivyozoea. Mzee alikasirika. Injini ikizimwa, nguvu ya busta hutosha kukanyaga mara chache tu, halafu pedali huwa ngumu.

"Fanya hivyo Kitonga," alisema, "uone kama mguu mmoja utatosha."

Dereva alinyamaza kimya.