Imepokelewa: Na Nani, na Lini?

Abiria wengi wa mabasi ya Lindi na Mtwara huijua Nangurukuru kama mahali pa kushuka, kunywa chai haraka na kupanda tena. Mimi nilikaa pale wiki tatu, mwezi Juni 2024, na nilichokitazama kuliko vyote ni mizigo. Basi linasimama, utingo anashusha maboksi na bahasha, wakala anaandika katika daftari lake, basi linaondoka. Mwenye mzigo yuko Kilwa Masoko, au Kivinje, au katika njia ya Liwale; atakuja jioni au keshokutwa. Aliyetuma na atakayepokea hawaonani, wala hawalazimiki kuwa macho saa ileile. Kati yao kuna daftari.

Kabla ya kuanza kufundisha utawala wa umma nilikula mkate wa uandishi wa programu kwa miaka sita, na ndiyo sababu wenzangu wa idara ya kompyuta waliniomba niwasimamie wanafunzi wao wanne. Chama kimoja cha msingi cha ushirika, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa kimekubali tujaribu kwake mfumo wa kusafirisha taarifa za mizani ya ufuta kutoka vijijini hadi kwa karani aliyekaa pale njia panda. Mwezi mmoja kabla, Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeacha mvua zilizoikata barabara kuu eneo la Somanga. Kisha tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikaharibika, na intaneti ikayumba nchi nzima. Wanafunzi walitaka mfumo ambao mtandao ukikatika, taarifa ingoje, isipotee. Wakachagua Kafka.

Naomba nikiri mapema kwamba kwa mizani tatu za kijijini Kafka ni lori la kubebea kikapu cha mayai. Lakini vijana hujifunza kwa kuendesha lori.

Kafka ilibuniwa ndani ya kampuni ya LinkedIn na Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao, ikatolewa kwa umma mwaka 2011. Kreps ndiye aliyeipa jina la mwandishi Franz Kafka, kwa kuwa mfumo wenyewe umeundwa kwa ajili ya kuandika. Watumishi wa umma wanaonisoma watafurahi kujua kwamba Kafka huyo alikuwa mtumishi mwenzao: aliajiriwa katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague tangu 1908 hadi 1922, na huku akiandika habari za watu waliopotea ndani ya ofisi.

Utendaji wake haupishani sana na wakala wa mabasi. Mtumaji anapeleka ujumbe, wakala anauandika mwishoni mwa daftari na kuupa namba, kisha mpokezi anausoma kwa wakati wake. Tofauti ni kwamba daftari hili lina nakala katika mashine kadhaa, na kusoma hakufuti. Ujumbe hubaki kwa muda uliopangwa, ambao usipouchagua mwenyewe ni siku 7, uwe umesomwa au haujasomwa. Mpokezi huweka alama tu ya namba aliyofikia, ili kesho aanzie hapo.

Mwandishi wa programu, hata hivyo, haongei na wakala moja kwa moja. Hutumia maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu yake huuita ili uzungumze na wakala kwa niaba yake. Wanafunzi wangu walitumia maktaba ya Python iliyojengwa juu ya librdkafka. Maktaba hiyo ina mipangilio mingi sana, na kila mpangilio una jibu ambalo tayari limechaguliwa na mtu mwingine. Usipouliza, umekubali.

Chukua mfano wa kuthibitisha. Mtumaji anaweza kudai kwamba wakala asiseme "nimepokea" mpaka nakala zote zimeandikwa. Inaridhisha kusikia. Lakini "zote" maana yake ni zile nakala zinazokwenda sambamba na kiongozi kwa wakati huo, na idadi ya chini inayotakiwa, usipoigusa, ni 1. Mashine nyingine zikizimika, kiongozi aliyebaki peke yake ataandika na kutangaza kwamba wote wameridhia. Wanaokumbuka mikutano ya kijiji iliyotimiza akidi kwenye karatasi hawahitaji maelezo zaidi.

Hilo tuliliona na kulirekebisha. Lililotupita lilikuwa upande wa pili, kwa mpokezi.

Siku ya Alhamisi ya wiki ya pili alikuja mama mmoja wa makamo ya bibi yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Alisema aliupima ufuta wake kijijini Jumamosi, na sasa orodha iliyobandikwa mlangoni haina jina lake. Karani alitazama kompyuta. Mimi nami nikatazama. Skrini ilionyesha kwamba tofauti kati ya ujumbe ulioandikwa na ujumbe uliosomwa ni sifuri: kila kilichotumwa kimepokelewa. Nikamwambia, kwa upole wa mtu mwenye uhakika, kwamba huenda mzigo wake haujasajiliwa na mpimaji.

Hakubishana. Alifungua fundo kwenye upindo wa kanga, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, karatasi hii nimelala nayo tangu Jumamosi. Mpimaji aliniandikia mbele ya macho yangu. Kama mashine yenu imepokea kila kitu, basi imepokea na wangu. Umeuweka wapi?"

Swali lilikuwa sahihi kuliko jibu langu. Tulikaa nalo hadi usiku.

Kilichotokea ni hiki. Maktaba ile, isipoambiwa vinginevyo, huweka alama yenyewe. Mara tu inapoikabidhi programu ujumbe, huuhesabu kuwa umeshughulikiwa, na kila baada ya sekunde 5 humtumia wakala alama hiyo. Programu ya wanafunzi, kwa nia njema ya kupunguza kazi, ilikuwa ikikusanya ujumbe mwingi kwenye kumbukumbu kabla ya kuuandika kwa mkupuo mmoja katika hifadhidata. Jumamosi mchana umeme ulikatika. Wakati huo ujumbe 17 ulikuwa mkononi mwa programu, haujaandikwa popote, lakini wakala alikuwa ameshaambiwa kwamba umesomwa. Umeme uliporudi, mpokezi aliuliza ameishia namba gani, akajibiwa, akaendelea na wa 18. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Kwa mtazamo wa kila mashine, kazi ilikuwa imefanyika.

Nimefanya kazi na masjala za serikali, na naufahamu muhuri wa "Imepokelewa". Unapigwa pale mlangoni. Hausemi kwamba barua imesomwa, wala kwamba kuna mtu aliyeamua jambo; unasema kwamba karatasi imevuka kizingiti. Hata hivyo wiki mbili baadaye, mwananchi akiuliza, huonyeshwa muhuri huohuo kana kwamba ndio jibu. Maktaba yetu ilikwenda mbele zaidi: ilipiga muhuri wakati barua ingali mkononi mwa tarishi, na tarishi akaanguka njiani.

Simlaumu aliyeiandika. Ziko kazi ambazo mpangilio ule unazifaa: ukihesabu mibofyo ya watu kwenye tovuti, kupoteza 17 kati ya mamilioni si neno. Uamuzi wake ulikuwa wa busara kwa mazingira aliyoyafikiria. Ila ndani yake hakukuwa na ghala la ufuta, umeme unaokatika mchana, wala bibi mwenye magunia matatu ambayo ndiyo mwaka wake mzima. Hayo tulipaswa kuyafikiria sisi, na nyaraka zilikuwa wazi mbele yetu.

Kilichotuokoa ni kwamba daftari la Kafka halifuti kwa kusoma. Siku ya tano ilikuwa bado haijapita, na muda ulikuwa siku 7. Tulimrudisha mpokezi kwenye namba aliyofikia kabla ya umeme kukatika, tukamwamuru asome upya. Jina la yule mama lilikuwa la tisa.

Marekebisho yenyewe ni mistari michache. Kwanza, tuliizuia maktaba isiweke alama yenyewe. Programu iandike kwanza katika hifadhidata, na ikishahakikisha ndipo iseme imesoma. Hapo likazuka tatizo la kinyume: umeme ukikatika baada ya kuandika na kabla ya kuweka alama, ujumbe utasomwa tena, na mtu atahesabiwa magunia mara mbili. Kwa hiyo tukaifanya namba ya stakabadhi kuwa ufunguo ambao hifadhidata haikubali kuurudia. Ujumbe ukija mara ya pili, hauongezi kitu. Mwanafunzi mmoja alikumbusha kwamba tangu toleo la mwaka 2017 Kafka inaahidi kila ujumbe kushughulikiwa mara moja tu, bila kupungua wala kuzidi. Ni kweli, lakini ahadi hiyo inashika ndani ya Kafka yenyewe. Hifadhidata ya karani ilikuwa nje ya uzio, na nje ya uzio ndiko mama yule alikokuwa. Mwisho, muda wa kutunza daftari tuliuongeza kutoka siku 7 hadi msimu mzima. Diski haikuwa ghali kiasi cha kubishania.

Kuna jambo ambalo wanafunzi hawakuliweka katika ripoti yao, nami sikuwalazimisha. Kati ya watu 17 waliopotea Jumamosi ile, waliokuja kuuliza walikuwa 2: yule mama, na kijana mmoja aliyepita baadaye kidogo, akaambiwa aje kesho. Tulipowafuata wengine vijijini, baadhi hawakuwa wamepata habari kwamba orodha imebandikwa. Wengine waliiona, wakakosa majina yao, wakadhani ni mambo ya serikali, yatakuja. Mzee mmoja alituambia kwamba alishauliza mwaka uliopita kuhusu jambo jingine, akaonyeshwa kompyuta, akarudi nyumbani.

Yule mama alirudi Jumatatu kuliangalia jina lake kwenye orodha mpya. Alilisoma kwa kidole, akasoma na uzito, kisha akaitoa stakabadhi akailinganisha namba kwa namba. Nilimwambia sasa anaweza kuitupa. Akaikunja mara nne, akaifunga tena kwenye upindo.