Magari Tisa, Uwanja Mmoja

Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni sikukuu England, na ile ya 2023 mimi na mume wangu tuliimalizia nyuma ya trekta. Magari sita kati ya tisa ya kundi letu yalikuwa yamezama kwenye nyasi. Kina mama tumevua viatu, watoto wanacheka, na mkulima mwenye uwanja anavuta gari moja baada ya jingine huku akitutazama kama watu tuliokosa kazi ya kufanya. Picha zilitoka nzuri, sikatai. Lakini familia mbili ziliondoka bila kuaga, na kundi letu la WhatsApp likanyamaza wiki tatu nzima.

Ngoja kwanza nikueleze, msomaji. Sisi ni familia tisa za Watanzania na Wakenya tunaoishi huku, na kila familia ina gari-nyumba: gari lenye vitanda, jiko la gesi, friji, choo, na bafu dogo ambalo ukijipaka sabuni kiwiko kinagonga ukuta. Wengi tumenunua ya mkono wa pili, tena kwa mkopo. Vijana wa Cardiff, wapya kwenye ndoa, wamejitengenezea la kwao kutoka gari la kubebea mizigo, na kwa kweli limependeza kuliko letu. Mwaka mzima kila mtu yuko na zamu zake, hospitali, maghala, ofisi. Mara moja kwa mwaka tunakutana siku nne: pilau, nyama choma, karata, umbea, na usiku wa mwisho wazee wanatupa mawaidha ya ndoa ambayo hatukuyaomba.

Kazi ya kutafuta uwanja wa 2024 walitupa sisi. Mume wangu alifurahi kama kateuliwa waziri. Mimi nilijua tumepewa adhabu.

Unaweza kudhani kutafuta uwanja ni kuangalia picha kwenye intaneti na kulipa. Haiko hivyo. England imejaa mashamba madogo mazuri yanayopokea magari kwa bei nafuu, kondoo upande huu, kijito upande ule. Ila kwa sheria ya mwaka 1960, shamba la namna hiyo, lililoidhinishwa na klabu, mwisho wake ni magari 5 kwa wakati mmoja. Sisi ni 9. Klabu kubwa zinazotambuliwa zenyewe zinaruhusiwa kukusanya wanachama wao kwenye uwanja wa mtu hadi siku 5 bila leseni ya kambi, lakini sisi si klabu, ni watu tunaopenda pilau. Kwa hiyo ikabidi tutafute kambi yenye leseni kamili, inayoweza kutupanga magari tisa karibu karibu lakini kwa nafasi ya mita 6 kati ya gari na gari, maana moto ukishika hapa usirukie pale. Kambi mbili zikatuambia waziwazi hazipokei magari ya kujitengenezea. Vijana wa Cardiff wangebaki nje. Tukazifuta, hata bei hatukuuliza.

Yakabaki maeneo matatu: pwani ya Norfolk kule Hunstanton, milima ya Peak District karibu na kijiji cha Castleton, na chini ya vilima vya Malvern, magharibi. Tukaweka kura kwenye kundi. Pwani ikapata kura tano, wakiongozwa na dada wa Leeds ambaye akishika jambo halishuki. Milima ikapata tatu, moja yake ni ya mume wangu. Malvern sifuri. Familia moja haikupiga kura kabisa: mzee na shangazi wa Leicester, waanzilishi wa kundi.

Machi tukaanza kuzunguka kukagua, na Machi tuliichagua makusudi. Uwanja wa Agosti nenda kauone wakati wa mvua, ndipo utaujua. Magari-nyumba mengi huku yamejengwa juu ya Fiat Ducato, na injini inasukuma magurudumu ya mbele wakati uzito wa vitanda, maji na choo uko nyuma. Kwenye nyasi zilizolowa tairi za mbele zinacheza tu, na kila ukikanyaga mafuta unajichimbia kaburi. Sasa nikifika kambini nakanyaga ardhi kwa kisigino kabla sijamsalimia mtu. Kikizama, naaga.

Hunstanton ni pazuri, lazima niseme. Majabali yake yana mistari, mweupe juu, mwekundu katikati, hudhurungi chini, kama keki ya harusi. Na ingawa uko pwani ya mashariki, mji wenyewe unatazama magharibi, kwa hiyo unaweza kukaa ufukweni ukaona jua linazama baharini. Kwa mtu aliyekulia Tanga, ambako jua linachomoza baharini, ni kitu cha kushangaza. Lakini upepo! Tulipofungua mlango wa gari ulitaka kuondoka nao. Nikawaza mahema ya pembeni, nikawaza jiko la mkaa na cheche zake. Kambi tuliyoiona ilikuwa na soketi za ampea 10. Piga hesabu: ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Birika la kawaida la nyumbani peke yake linakula wati 3,000. Sasa mpe mama wa Kitanga birika, sufuria ya umeme ya wali na pasi, uone giza litakavyoingia.

Wiki mbili baadaye tukaenda milimani, na hapo ndipo tuligombana.

Mume wangu alinivisha pete juu ya Mam Tor, mwaka 2015, mita 517 juu ya usawa wa bahari, baridi imeniganda mpaka nikasema ndiyo haraka haraka ili tushuke. Kwa hiyo kwake ile si milima, ni hekalu. Chini yake kuna barabara kuu ya zamani ambayo mlima uliimeng'enya polepole mpaka ikafungwa moja kwa moja mwaka 1979. Lami imepasuka na kuinama kama chapati iliyokunjwa. Tangu hapo, ukitaka kushuka Castleton kutoka upande ule unapita Winnats Pass, njia nyembamba kati ya kuta za mawe, mteremko unapita asilimia 20. Tuliipita na gari letu la mita saba, breki zinanuka. Kisha kwenye kinjia cha kwenda kambini tukakutana uso kwa uso na trekta. Ikabidi apige rivasi mita kama mia mbili, mimi nimeshuka nyuma naelekeza kwa mikono.

"Sasa shangazi wa Leicester atafanya haya?" nikamuuliza.

"Shangazi haendeshi. Anaendesha mzee."

"Mzee amepata kiharusi Desemba."

"Si alipona?"

Nikakaa kimya, kwa sababu hata mimi sikuwa na uhakika. Walituandikia Desemba kwamba mzee alilazwa, kisha Januari kwamba karudi nyumbani, sote tukaandika "Alhamdulillahi" na "Mungu ni mwema" na vidole vya pongezi, tukaendelea na maisha. Hakuna aliyepiga simu. Mume wangu akasema nimetafuta sababu ya kuikataa Mam Tor. Nikasema yeye hataki uwanja, anataka kumbukumbu. Tulirudi Reading saa tatu na nusu redio imezimwa.

Jumapili nikapiga simu Leicester.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nilijua utapiga wewe."

Akaniambia yote. Mguu wa kushoto wa mzee hauna nguvu, ndani anatembea na mkongojo, nje ni kiti cha magurudumu. Hajaendesha tangu siku ile. Shangazi ana miaka 66, na gari lao lina uzito wa kilo 3,850. Nikaropoka kwamba atakuja kijana mmoja kuwaendeshea. Akacheka.

"Nani? Nyinyi wote leseni zenu za juzi."

Kweli bwana. Aliyefaulu mtihani wa udereva huku kuanzia Januari 1997, leseni yake ya kawaida inaishia gari la kilo 3,500. Shangazi alifaulu 1989. Katika kundi zima, ukimtoa mzee, mtu pekee anayeruhusiwa kuliendesha gari lile ni yeye, ambaye kwa miaka yote alikaa kiti cha pembeni akimenya machungwa.

"Nimeanza kujifunza," akasema. "Naendesha mpaka sokoni, narudi. Barabara pana naweza. Mkichagua mlima hatuji, na upepo wa pwani sitaki, gari linayumba. Sikupiga kura kwa sababu sitaki watu wapange safari yao kwa kutuhurumia. Lakini wewe nakwambia ukweli: tusipokuja mwaka huu, mzee amesema gari tuliuze. Usimwambie mtu."

Nilimwambia mume wangu tu. Alisimama dirishani muda mrefu, kisha akasema, "Malvern tunaenda lini?" Mam Tor hakuitaja tena. Nilimpenda upya siku ile, mpaka nikapika maharage ya nazi katikati ya wiki.

Vilima vya Malvern vinasimama ghafla kutoka kwenye tambarare, mstari mmoja mrefu kama mgongo wa mamba, kilele chake mita 425. Uzuri wake kwetu ni kwamba vilima viko pale vya kutazama, lakini gari linakaa chini. Kutoka barabara kuu ya M5 hadi kambini hatukukutana na kona ya kuogopesha. Kambi ina viwanja vya kokoto iliyoshindiliwa, kisigino changu hakikuacha alama. Soketi ni ampea 16. Mlango wa bafu nilipima kwa futi, kiti cha magurudumu kinapita na nafasi inabaki. Sehemu ya kumwaga choo cha kemikali iko karibu na haina ngazi, na hilo msomaji usilidharau: ile kaseti ikijaa ni nzito, na mwanamke wa miaka 66 ataibeba mwenyewe kila siku. Worcester, wenye hospitali kubwa, uko kama maili 8. Hata treni ipo, moja kwa moja kutoka London, kwa wale vijana wa ndugu zetu wasio na magari. Mkaa unaruhusiwa mradi jiko liwe limeinuliwa na nyasi zisiungue, na muziki mwisho saa nne usiku.

Mume wangu akagundua jambo jingine. Barabara inapanda yenyewe hadi kwenye maegesho chini ya British Camp, ngome ya udongo ya watu wa kale, na ukikaa kwenye gari pale unaona mbali sana. Mzee angeweza kuona mandhari bila kupanda hatua moja.

Kazi ikawa kuwashawishi wenzetu bila kutoa siri. Niliandika habari za ampea, tope na upepo mpaka vidole vikauma. Dada wa Leeds akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Kura ilipigwa, alisema, na kura ni kura, na si ajabu Malvern ni saa mbili tu kutoka Reading. Iliniuma, maana ukiangalia ramani ana hoja. Mume wangu akaandika mstari mmoja: "Sisi ndio mliotupa kazi, tumeamua, mtulaumu." Tukalipa malipo ya awali kwa pesa zetu kabla mtu hajabadili mawazo.

Ijumaa ya tarehe 23 Agosti 2024 dhoruba waliyoiita Lilian iliamkia kaskazini, na dada wa Leeds akakaa nyumbani mpaka upepo ulipopungua, akafika usiku kwa hasira. Lakini wa Leicester walikuwa wamefika saa nane mchana. Shangazi aliingia getini mwendo wa kobe, miwani kwenye ncha ya pua, mzee pembeni yake akimenya chungwa. Vijana wa Cardiff walikimbia kumwelekeza. Akawafukuza kwa mkono. Alirudi nyuma mara nne kabla gari halijanyooka kwenye kokoto, na kundi zima tukijifanya hatuangalii. Kisha akashuka, akauliza soketi iko wapi.

Mvua ilinyesha Jumamosi. Hakuna aliyenasa.

Gari hawakuliuza. Shangazi ameniruhusu kuandika haya, akasema tu nisitaje majina, kwa hiyo dada wa Leeds atayajua akifika ukurasa huu. Mpaka leo anaamini tulichagua Malvern kwa sababu ni karibu na kwetu. Kazi ya kutafuta uwanja unaofuata tumempa yeye. Tumemwachia daftari letu la maswali, futi ya kupimia milango, na namba ya yule mwenye trekta.