Kuchachusha Tunajua, Kutenganisha Je?

Wanafunzi wangu huniuliza tunakosa nini hata mihogo na miwa yetu isizae kemikali za viwandani. Huwajibu kwamba tatizo si uchachushaji: mama zetu wanaotengeneza togwa wamewatumikisha bakteria wa asidi ya laktiki tangu zamani. Ugumu uko katika kuitoa asidi hiyo ndani ya mchanganyiko.

Njia iliyozoeleka hutumia chokaa na asidi ya salfuriki, na kila tani ya bidhaa huacha takriban tani nzima ya jasi. Njia ya elektrodi ni safi zaidi. Laktati ina chaji hasi, hivyo umeme huivuta kupitia utando hadi upande wa elektrodi chanya, ambako hugeuka kuwa asidi. Upande wa pili huzalisha alkali, nayo hurudishwa katika pipa badala ya chokaa. Umeme ukikatika, kazi yote husimama.

Ndugu watumishi wa umma, likumbukeni hilo mnapopanga bajeti za umeme na maabara. Taifa lisilojua kutenganisha litauza mazao mabichi, kisha liyanunue tena kwa bei iliyopangwa na wengine.