Angalia Vistari vya Betri Kwanza

Wasee, msinunue Nissan Leaf ya mtumba vile mnanunua Vitz. Mimi nilifungua boneti, nikapiga tairi teke, nikaona rangi inang'aa, nikalipa. Pesa ni zile mamangu alikuwa ameweka ili nirudi chuo. Vistari vidogo kando ya geji ya chaji sikuuliza ni vya nini. Betri mpya huwa na 12. Ukipoteza cha kwanza, karibu asilimia 15 ya betri imeenda. Yangu ina 8. Thika hadi Nairobi nafika, kurudi lazima nichaji. Betri yake haina maji ya kuipoza, so siiachi juani ikiwa imejaa.

Mama huuliza, "Na kweli haili mafuta?"

Namwambia haili.